Nimodipini ya Mshipani: Linda Presha, Usikate Dozi

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wauguzi na madaktari wa wodi ni hili: mgonjwa amevuja damu kuzunguka ubongo, bingwa ameandika nimodipini ya mshipani, chupa zimefika, sasa tuianzeje na tuogope nini? Wengine huuliza kwa wasiwasi wa upande wa pili: hatuna chupa, tuna vidonge tu, je, mgonjwa wetu amepunjwa? Na ndugu wa wagonjwa huuliza kwa nini wanatumwa duka la dawa kila siku kununua kitu kilekile.

Nitajaribu kuwajibu wote. Jibu langu lakini lina kiini kimoja: nimodipini huusaidia ubongo pale tu damu inapoendelea kuufikia kwa nguvu ya kutosha, na pale dozi zisipokatikatika. Presha ikiporomoka usiku bila mtu kuona, dawa inakuwa imeleta ukosefu wa damu uleule ambao tulitaka kuuzuia.

Neno moja kabla ya kuendelea. Vipimo ninavyovitaja ni vya mtu mzima na ni vya chupa yenye miligramu 10 katika mililita 50. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi ulilonalo mkononi. Ikitofautiana na makala hii, fuata karatasi na umpigie mfamasia.

Je, huyu ndiye mgonjwa wa dawa hii?

Nimodipini imethibitika kwa mgonjwa wa aina moja: ambaye kivimbe cha ateri, yaani aneurizimu, kimepasuka na damu ikamwagika kwenye nafasi inayouzunguka ubongo. Huyu ndiye anayesema kichwa kilimpiga ghafla, maumivu yakafika kikomo ndani ya dakika moja, akatapika, pengine akazimia, kisha shingo ikakakamaa.

Wengi wenu mnaokutana na damu ya namna hii kwenye picha ya CT mnakutana nayo kwa majeruhi wa ajali, hasa za bodaboda. Majeruhi huyo hahitaji nimodipini. Tafiti za watu walioumia kichwa hazikuonyesha faida ya kutegemewa, na ubongo ulioumia hauvumilii presha kushuka. Vilevile kiharusi cha damu iliyovujia ndani ya nyama ya ubongo kwa sababu ya presha ya muda mrefu ni ugonjwa mwingine, wenye tiba yake.

Kuna mtego hapa. Mtu anaweza kuanguka na pikipiki kwa sababu aneurizimu imepasuka akiwa barabarani. Waulize waliomleta: alilalamika kichwa kabla ya kuanguka? Aliacha usukani ghafla bila kugongwa? Kama jibu ni ndiyo, au kama damu kwenye picha imekaa chini ya ubongo na si mahali kichwa kilipogonga, mwite daktari wa upasuaji wa ubongo aitazame picha upya kabla ya kumpa jina la majeruhi wa kawaida.

CT iliyofanyika ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze huonyesha damu karibu kwa kila mgonjwa. Kadiri muda unavyopita damu hufifia kwenye picha. Kwa hiyo mgonjwa aliyechelewa, mwenye maelezo ya kutisha na CT safi, bado anahitaji maji ya uti wa mgongo kupimwa, angalau saa 12 baada ya maumivu kuanza.

Ukishajua ndiye, andika tarehe na saa ya kuvuja damu kwa herufi kubwa juu ya chati. Kila hesabu ya tiba hii huanzia hapo. Mishipa ya ubongo huanza kusinyaa kuanzia takriban siku ya 3 au ya 4, hatari hukaza zaidi kati ya siku ya 7 na ya 10, kisha hupungua baada ya siku ya 14. Mgonjwa aliyeonekana mzima siku ya 2 akazungumza na wanawe anaweza kupooza mkono siku ya 8. Dawa huanzwa mapema, ndani ya siku 4 za mwanzo, wakati bado anaonekana hana haja nayo.

Dripu au vidonge?

Hapa ndipo wengi mnapotaabika bila sababu. Ushahidi mzito kabisa wa dawa hii uko kwenye vidonge: miligramu 60 kwa mdomo kila baada ya saa 4, kwa siku 21. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1989 uliwafuatilia wagonjwa 554. Katika kundi la nimodipini, asilimia 22 walipata sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu. Katika kundi la kidonge kisicho na dawa, asilimia 33. Mwaka 2009 ukachapishwa utafiti kutoka Sweden, wagonjwa 106, ulioweka dripu na vidonge kwenye mizani moja, na tofauti haikuonekana. Marekani kwa miaka mingi ilitumia dawa ya kumeza tu. Kwa muda huo ile ya mshipani haikuwa imesajiliwa huko.

Basi kama una vidonge na mgonjwa anameza, au ana mpira wa kulishia unaofanya kazi, hajapunjwa kitu. Msiwatume ndugu kuuza shamba watafute chupa.

Dripu ina nafasi yake:

- mgonjwa anatapika mfululizo, au tumbo limejaa na utumbo hautembei;
- mpira wa kulishia hauwezi kuwekwa kwa sasa;
- yuko chumba cha wagonjwa mahututi, ana katheta ya mshipa mkuu, pampu na muuguzi wa kumtazama.

Na nasema wazi: pasipo na pampu, dripu hii isianzwe. Kuhesabu matone kwa macho ni sawa kwa maji ya chumvi. Kwa nimodipini ni hatari, maana matone yakiongezeka mgonjwa akigeuka, presha itaanguka kabla hujafika kitandani.

Jambo jingine ambalo mara nyingi halitajwi: dawa ya chupani imeyeyushwa kwenye pombe. Kwa kiwango kamili, mgonjwa hupata hadi gramu 50 za pombe kwa siku. Daktari alizingatie hilo kwa mwenye ugonjwa wa ini, mwenye kifafa, mjamzito, anayenyonyesha na aliyeacha ulevi. Na familia ikiuliza kwa sababu ya dini yao, waambieni ukweli wote, pamoja na kwamba vidonge vipo na vinafanya kazi ileile. Wana haki ya kujua kabla, si kusikia kwa jirani baada ya wiki.

Kabla hujafungua chupa

Pitia haya, na usianze hadi kila moja lina jibu:

- Daktari ameandika namba mbili: presha ya chini kabisa anayoikubali na ya juu kabisa. "Angalia presha" si maagizo.
- Aneurizimu imeshafungwa, kwa klipu au kwa waya, au bado? Kabla ya kufungwa, hospitali nyingi huzuia presha ya juu isipite 160. Baada ya kufungwa, mara nyingi huachwa ipande.
- Presha ya sasa ni ngapi? Ikiwa ya juu haifiki 100, zungumza na daktari kwanza.
- Uzito wa mgonjwa. Usikisie kwa kumtazama; waulize ndugu kama huna mizani ya kitanda.
- Dawa za presha alizokuwa anatumia nyumbani zimesimamishwa? Amlodipini na nimodipini ni za ukoo mmoja na zikikutana huangusha presha kwa pamoja. Tazama na mfuko wa dawa ulio chini ya kitanda.
- Katheta ya mshipa mkuu ina njia moja iliyo huru kwa ajili ya dawa hii peke yake.
- Chupa zilizopo zinatosha hadi lini?

Hilo la mwisho lina hesabu yake. Kwa mililita 10 kwa saa, chupa moja ya mililita 50 huisha baada ya saa 5. Hizo ni chupa 5 kwa siku. Kwa upande wa vidonge vya miligramu 30, ni viwili kila baada ya saa 4, yaani 12 kwa siku na 252 kwa siku zote 21. Wapeni ndugu hesabu hii siku ya kwanza. Familia inayotumwa kununua chupa moja moja itachelewa siku moja tu, na siku hiyo yaweza kuwa ya 8.

Kuanza, hatua kwa hatua

1. Vuta dawa kwenye bomba la sindano la mililita 50. Usiichanganye na kitu chochote ndani ya bomba, wala usiimimine kwenye chupa ya dripu.

2. Tumia mpira wa polithini kutoka kwenye pampu. Mpira wa kawaida wa dripu umetengenezwa kwa PVC, na PVC huinyonya nimodipini ikabaki kwenye kuta za mpira. Utadhani mgonjwa anapata miligramu 2 kwa saa kumbe anapata pungufu. Huu ni mpira wa kuagiza mapema; usitarajie kuukuta stoo.

3. Unganisha kwa koki ya njia tatu, pembeni yake dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ikienda kwa takriban mililita 40 kwa saa. Karatasi za dawa huruhusu pia glukosi ya asilimia 5, lakini kwa ubongo ulioumia mimi huchagua chumvi, maana glukosi hiyo huacha maji matupu yanayoongeza uvimbe.

4. Mgonjwa wa kilo 70 na zaidi mwenye presha tulivu: anza na mililita 5 kwa saa, ambayo ni miligramu 1. Ikipita saa 2 na presha imesimama, panda hadi mililita 10 kwa saa, yaani miligramu 2.

5. Mgonjwa aliye chini ya kilo 70, au mwenye presha inayoyumba: anza na mililita 2.5 kwa saa, ambayo ni miligramu 0.5. Panda pale tu presha inaporuhusu. Wagonjwa wetu wengi wako chini ya kilo 70; msione haya kuanza chini.

6. Pima presha kila dakika 15 katika saa 2 za kwanza, na tena kila unapobadili kasi. Baadaye, kila saa. Kama kuna katheta ya ateri inayoonyesha presha muda wote, itumieni.

7. Kinga dawa na jua. Mwanga wa taa au wa mchana usio wa jua la moja kwa moja hauidhuru kwa muda wa hadi saa 10. Kitanda kikiwa dirishani, funika bomba na mpira kwa kitu kisichopitisha mwanga, au kisogeze kitanda.

Bomba jipya liandaliwe kabla la zamani halijaisha. Chupa ya saa 5 inaisha mara nyingi kwa siku na mojawapo itaangukia saa ya kukabidhiana zamu, kila mtu akidhani mwenzake ameshabadilisha. Andikeni saa ya kuisha kwenye bomba lenyewe.

Presha ikishuka

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na majibu mengi ninayoyasikia wodini yana kasoro. Upande mmoja kuna anayeizima pampu mara tu presha inaposhuka kidogo na haiwashi tena hadi daktari apite asubuhi. Upande mwingine kuna anayeiacha iendelee kwa sababu "bingwa ameandika". Wote wawili wanamwacha mgonjwa bila ulinzi.

Fuata mpangilio huu:

1. Pima tena, kwa mkono, kwa kipimo kinachomtosha mgonjwa. Kama ni katheta ya ateri, hakikisha imewekwa usawa wa moyo.

2. Itazame pampu. Kasi ni ileile iliyoandikwa? Kuna mtu amesukuma dawa nyingine kwenye njia hiyo dakika chache zilizopita?

3. Uliza kama amepewa maji ya kutosha. Wagonjwa hawa hupoteza chumvi na maji kwa mkojo kuliko inavyotarajiwa. Akiwa mkavu, mpe maji ya chumvi kwanza.

4. Punguza kasi ya nimodipini iwe nusu. Kwa anayemeza, gawa dozi: miligramu 30 kila baada ya saa 2 badala ya 60 kila baada ya saa 4. Jumla ya siku inabaki ileile, lakini mshuko unapungua.

5. Presha isipopanda, daktari aanze noradrenalini kwenye njia nyingine ya katheta. Ndiyo, dawa moja inashusha na nyingine inapandisha. Wengi hunipinga hapa kwamba ni kujipinga wenyewe. Nimodipini inakaa kwa ajili ya seli za ubongo, noradrenalini inakaa ili damu izifikie. Kila moja ina kazi yake.

6. Simamisha nimodipini pale tu hatua zote hizi zimeshindwa. Andika saa uliyosimamisha, na andika saa ya kujaribu tena kwa nusu ya kasi. Dawa iliyosimamishwa bila saa ya kurudi haitarudi.

Wakati unafanya haya, usiibebeshe nimodipini kila lawama. Damu iliyovuja kuzunguka ubongo inaweza kuudhoofisha moyo kwa siku kadhaa. Mgonjwa anaweza kuwa na maambukizi, au dawa ya usingizi imeongezwa. Na presha iliyoshuka ghafla pamoja na mboni ya jicho iliyopanuka ni dharura nyingine kabisa: mwite daktari wa upasuaji papo hapo.

"Lakini presha yake ni 180, si dawa itamsaidia kuishusha?"

Nimodipini si dawa ya presha. Imechaguliwa kwa ajili ya ubongo, na kushuka kwa presha ni athari yake isiyotakiwa. Kama presha iko juu na aneurizimu haijafungwa, daktari atachagua dawa nyingine inayoweza kupandishwa na kushushwa taratibu. Akitibiwa maumivu vizuri na kibofu chake kikatolewa mkojo, mara nyingi presha hupungua yenyewe.

Swali pacha lake ni hili: tuna nifedipini, hatuna nimodipini, je, tuibadilishe? Hapana. Majina yanafanana, ukoo ni mmoja, lakini nifedipini haina ushahidi wa kumlinda mgonjwa huyu. Kuipasua kapsuli yake chini ya ulimi kunaweza kuiporomosha presha kwa namna isiyodhibitika. Sulfeti ya magnesi mnayoijua kwa kifafa cha mimba nayo ilijaribiwa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2012 wenye wagonjwa 1,204 haukuonyesha faida kwa wagonjwa hawa.

Makosa yanayoua

Kosa la kwanza kwa ubaya ni kuchoma dawa ya kumeza kwenye mshipa. Nimodipini ya kumeza katika nchi kadhaa huja kama kapsuli laini yenye majimaji ndani. Kwa mgonjwa asiyeweza kumeza, muuguzi huyavuta majimaji kwa sindano ili ayapitishe kwenye mpira wa kulishia. Bomba likishajaa dawa linafanana na bomba lolote la kuchoma, na mkono uliozoea huenda kwenye kanula. Watu wamekufa kwa njia hii, moyo ukisimama, na mamlaka ya dawa ya Marekani ililitolea onyo kali. Kinga yake:

- vuta dawa hiyo kwa bomba la kumezesha ambalo haliingii kwenye kanula, kama lipo;
- kama halipo, bandika karatasi kwenye bomba kabla hujaondoka mezani: YA MPIRA WA TUMBO TU;
- anayeivuta ndiye anayeitoa, hapohapo, bila kuiweka kwenye trei;
- baada ya dawa, sukuma maji ya chumvi mililita 30 kwenye mpira wa kulishia ili dozi isibaki njiani.

Vidonge vya kawaida ni salama zaidi kwa jambo hili, ila visagwe wakati uleule wa kutoa, maana unga wake huharibiwa na mwanga.

Kosa la pili: kusukuma dawa nyingine kwenye njia ya nimodipini. Ndani ya mpira na katheta kuna mililita kadhaa za dawa zinazosubiri zamu. Ukisukuma antibayotiki nyuma yake, zote zinaingia kwa pigo moja. Bandika jina la dawa kwenye njia hiyo, na usiioshe kamwe kwa kusukuma.

Kosa la tatu: kutumia kanula ndogo ya mkononi. Pombe iliyomo huichoma vena, mkono unavimba, dripu inasimama, na saa zinapita mtu akitafuta mshipa mwingine.

Kosa la nne ni la huruma: kumbania maji mgonjwa ambaye sodiamu yake imeshuka. Kwa magonjwa mengine hilo ni sawa. Huyu hupungukiwa na chumvi pamoja na maji, na kumkausha kunamsogeza kwenye kiharusi. Pima sodiamu kila siku, mpe chumvi, na uache maji yaende.

Dawa zinazogombana

Nimodipini husagwa na ini kupitia kimeng'enya kimoja ambacho dawa nyingi hukigusa. Kwa mazingira yetu, angalieni hizi:

- *Zinazoiyeyusha nimodipini kabla haijafanya kazi:* fenitoini, kabamazepini, fenobabitoni na rifampisini. Mgonjwa akipata degedege, mkono usikimbilie fenitoini kwa mazoea, ulizeni levetirasetamu. Na mgonjwa wa kifua kikuu aliye kwenye dozi asikatishwe dawa zake kienyeji: mfamasia, daktari wa TB na wa ubongo wakae pamoja siku hiyohiyo. Efavirenzi nayo iko upande huu.
- *Zinazoipandisha hadi presha ianguke:* ritonaviri na dawa za VVU zinazotolewa pamoja nayo kama atazanaviri na lopinaviri, klarithromisini, erithromisini, flukonazoli, ketokonazoli. Azithromisini haina ugomvi huu mkubwa, wala dolutegraviri.
- *Metronidazoli:* kwa sababu ya pombe iliyo kwenye dripu, inaweza kumletea mgonjwa kichefuchefu, uso kuwaka na moyo kwenda mbio.

Mwenye ini lililosinyaa hupewa nusu: miligramu 30 kwa mdomo kila baada ya saa 4, na presha ikitazamwa kwa karibu zaidi.

Mtazame mgonjwa

Pampu ikienda vizuri na presha ikiwa sawa, bado mgonjwa anaweza kupata kiharusi. Nimodipini hupunguza hatari, haiiondoi. Ndiyo maana msishangae mkiona kwenye picha mishipa bado imesinyaa wakati dawa inaingia: inaonekana huusaidia ubongo kustahimili zaidi kuliko inavyoipanua mishipa mikubwa.

Kila saa, mwamshe, mzungumzishe, na umpime nguvu za mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Mwite daktari bila kusubiri raundi ukiona:

- alama za Glasgow zimeshuka kwa 2 au zaidi;
- mkono au mguu mmoja umelegea;
- maneno yanapotea, au anajibu kisichoulizwa;
- usingizi usio wake, hata kama anaamka ukimwita.

Hapo daktari ataagiza CT upya kutafuta maji yaliyojaa kichwani au damu mpya, na kama aneurizimu imeshafungwa, ataipandisha presha kwa makusudi.

Tazameni na choo pia. Dawa hii inaweza kufunga utumbo, na mgonjwa mwenye aneurizimu iliyo wazi hatakiwi kujikamua. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ya kwanza.

Safari ya rufaa

Mnaoandika kutoka hospitali za mikoa na kaunti mkisubiri gari la kwenda MOI Dar es Salaam au Kenyatta Nairobi, mna swali lenu: tuanze dawa hapa au tusubiri? Kama vidonge vipo na bingwa amekubali kwa simu, anzeni. Lakini dawa isiwe sababu ya kuchelewesha gari hata kwa saa moja. Hatari ya kuvuja tena ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote katika saa 24 za mwanzo, na nimodipini haiifungi aneurizimu.

Njiani tumia vidonge, acheni dripu. Pampu huisha chaji, mshipa hutoka kwenye mashimo ya barabara, na kupima presha ndani ya gari ni kazi ngumu. Mpe mgonjwa dawa ya kuzuia kutapika kabla ya kuondoka. Karatasi ya kukabidhi iwe na mistari minne isiyokosekana: saa ya kuvuja damu, alama za Glasgow wakati wa kuondoka, saa ya dozi ya mwisho ya nimodipini, na presha tatu za mwisho.

Kwa ndugu wa mgonjwa

Ninyi mnamjua kuliko sisi. Muuguzi ataona mgonjwa anajibu. Mama yake ataona kwamba anajibu taratibu kuliko kawaida yake, au kwamba amemwita kaka yake kwa jina la baba. Ukiona hivyo, mwambie muuguzi papo hapo, na usiogope kuonekana msumbufu.

Msilete juisi ya balungi, kwa sababu huongeza dawa mwilini. Msimpe kidonge cha presha kutoka nyumbani, wala dawa ya mitishamba, hata iliyomsaidia mwaka jana. Na mnaponunua nimodipini, soma jina herufi kwa herufi dukani. Ukipewa nifedipini au nikadipini ukaambiwa "ni ileile", rudisha.

Kuhamia vidonge, na kumaliza

Dripu hukaa angalau siku 5 na isizidi 14. Mgonjwa akianza kumeza, au utumbo ukirudi kazini, hamieni vidonge: mpe miligramu 60 za kwanza, zima pampu, kisha endeleeni kila baada ya saa 4. Presha ipimwe kwa ukaribu saa za mwanzo, maana kiasi kinachoingia mwilini kwa kidonge hutofautiana sana kati ya mtu na mtu.

Jumla ya dripu na vidonge haipiti siku 21. Dozi ya saa 8 usiku nayo ni dozi, mwamsheni. Atakayeruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya siku ya 21 aondoke na vidonge vyote vilivyobaki mkononi, nyakati sita za kumeza zimeandikwa kwenye karatasi moja, na tarehe ya kidonge cha mwisho. Mtu mmoja wa familia apewe jukumu la kengele ya usiku, na aoneshwe jinsi ya kupima presha kama kipimo kipo nyumbani. Kizunguzungu akisimama, kichwa kipya, au ulegevu wa upande mmoja: arudi hospitali siku hiyohiyo, na karatasi ile aje nayo.